Ardhi, Vazi na Waya: Kinga dhidi ya Umeme katika Bonde la Ufa la Kati

Waya wa umeme ulifika Nakuru kabla ya taa, kwa sababu uliandamana na reli ya Uganda iliyofika mji huo mwaka 1900, ukibeba telegrafu, yaani mtambo wa kupeleka ujumbe kwa mapigo ya umeme. Tangu mwaka 1838, Mjerumani Carl August von Steinheil alipoonyesha kwamba ardhi yenyewe inaweza kuurudisha umeme ulikotoka, telegrafu iliweza kufanya kazi kwa waya mmoja tu. Magharibi mwa Nakuru, Wanandi, waliopigana na utawala wa Waingereza kwa takriban miaka kumi tangu 1895, waliukata waya huo na kuufanya mapambo ya mwilini, hivyo madini ambayo vizazi vya baadaye vingeyavaa kama kinga yalivaliwa kwanza kama urembo na kama ukaidi dhidi ya wageni.

Umeme wa nguvu kubwa ulipita bondeni mwaka 1958, wakati njia ya kilovolti 132 ilipoanza kuleta umeme wa bwawa la Owen Falls, Jinja, kutoka Tororo kupitia Lessos, Lanet na Naivasha hadi Nairobi. Umeme ulipoenea ndipo ilipokomaa kazi ambayo mafundi wa stima huiita kutia athi, maana yake kuunganisha vyombo vya chuma na ardhi, ili umeme ukivuja upate njia nyepesi ya kushuka na fyuzi ikatike kabla mtu hajadhurika. Katika nchi ya milima ya volkano ya Menengai na Longonot kazi hiyo ina ugumu wake, kwa kuwa udongo wa majivu ya volkano na mawe mepesi hukauka upesi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Kwa hiyo fundi huchimba shimo refu, husimamisha fimbo ya shaba, hulijaza shimo makaa na chumvi, kisha humwagia maji mpaka ardhi ishike unyevu.

Vazi la kinga lina asili nyingine. Mwaka 1836 Mwingereza Michael Faraday alijenga chumba kilichofunikwa karatasi ya madini, akathibitisha kwamba umeme hukimbilia nje na kuiacha nafasi ya ndani salama. Kutokana na kanuni hiyo yalifumwa mavazi yenye nyuzi za madini kwa mafundi wanaotengeneza nyaya za msongo mkubwa bila kuzima umeme. Fundi wa namna hiyo huliunganisha vazi lake na waya wenyewe, wala si na ardhi, kwani akigusa vyote viwili kwa pamoja atakufa. Vazi na athi, kwa hiyo, ni kinga mbili zenye kanuni tofauti, na kila moja ilibuniwa kwa ajili ya hatari yake inayojulikana.

Kinga hizo ndizo zilizohamishiwa kwenye maumivu ya aina nyingine. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na baada ya mwaka 2000 milingoti ya simu, ambayo wakazi huiita busta, iliota juu ya mapaa na vilima. Katika nchi nyingi walijitokeza watu waliolalamikia kuumwa kichwa, kukosa usingizi na uchovu, wakayahusisha maradhi hayo na mawimbi ya sumakuumeme yatokayo kwenye mitambo kama hiyo, wakavaa nguo za nyuzi za fedha na kujifunga waya wa kwenda ardhini. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dalili hizo ni za kweli na zinaweza kumlemaza mtu, lakini hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha na mawimbi. Na uchambuzi wa majaribio 31 yaliyohusisha watu 725, uliochapishwa mwaka huohuo, haukupata ushahidi thabiti kwamba wagonjwa waliweza kutambua mawimbi yanapowashwa.

Nguo ya madini hupunguza mawimbi kweli, ila haiponyi maradhi ambayo chanzo chake hakijathibitika kuwa mawimbi. Nayo athi ya nyumba, ikiwa fimbo yake imekita kwenye majivu makavu, inaweza kubeba umeme uliovuja na kumfikishia anayeishika akidhani ni tiba. Mgonjwa wa namna hiyo anastahili daktari atakayemsikiliza bila kumdharau, na nyumba yake inastahili fundi wa kupima ile fimbo ya shaba wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka.