Tulisimama Kabla Majina Hayajaisha

"Adams! Adams! Kuna wa Adams?" Makanga wa matatu ya 111 hulitaja jina hilo mara nyingi kwa siku, akigonga ubavu wa gari kwa kiganja, na abiria huteremka kando ya Barabara ya Ngong wakaelekea madukani au soko la Toi bila kujiuliza huyo Adam alikuwa nani. Alikuwa mtu. Aliitwa Abdul Habib Adam, mfanyabiashara aliyejenga maduka haya enzi za ukoloni, na leo jina lake limekuwa kituo cha matatu. Watu wanalitamka maelfu kwa maelfu, mwenyewe hayumo tena ndani yake.

Hapa Adams palikuwa pia na jumba la sinema, Metropole. Watu wa Woodley, Kilimani na Kibera hawakulazimika kwenda mjini, kwenye Kenya Cinema au 20th Century, ili waone picha. Waliohudhuria sinema Nairobi miaka ile wanakumbuka desturi moja: kabla ya picha kuanza, wimbo wa taifa ulipigwa na ukumbi mzima ukasimama kimya. Tulisimama tena mwishoni, lakini hapo hatukuwa na adabu yoyote. Herufi ndogo nyeupe zilipoanza kupanda kwenye pazia, za waigizaji, wapigapicha na mafundi wa sauti, viti vilikuwa vimeshakunjwa na watu wanasukumana mlangoni kuwahi basi. Majina yalipanda, yakafika juu, yakatoweka mbele ya viti vitupu.

Nimekuwa nikiyafikiria majina hayo kila ninapopita hapa. Nchi yetu imewazika wengi waliotutumbuiza na kutuonyesha dunia, na mara nyingi tumewazika chini ya majina yasiyo yao.

Chukua Mzee Ojwang'. Nilipokuwa mdogo, runinga mtaani kwetu ilikuwa moja, Great Wall isiyo na rangi, imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto aliyelala. Kitambaa hicho kiliondolewa kwa heshima kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kilipokaribia. Watoto tulikaa sakafuni, wakubwa kwenye makochi, na wengine dirishani kwa nje. Ojwang' akiingia na kofia yake, kabla hajafungua kinywa, chumba kilikuwa kimeshaanza kucheka. Kisha akasema Kiswahili chake kile chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, akimzungusha mkewe, Mama Kayai, kwa visingizio ambavyo hata sisi watoto tuliviona vikija kutoka mbali. Kesho yake shuleni kila mmoja wetu alikuwa Ojwang'.

Jina lake lilikuwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai naye ni Mary Khavere, wa jamii ya Waluhya. Mkikuyu na Mluhya walikaa miaka mingi mbele ya kamera za Sauti ya Kenya, baadaye KBC, wakiwa mume na mke Wajaluo, na nchi nzima ikawaamini. Nimewahi kuona watu wazima wakibishana vikali, mmoja akiapa kwamba Ojwang' ni mtu wa Nyanza na kwamba anamjua hadi kijiji chake. Mimi sidhani kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa mwigizaji. Na tukikumbuka jinsi majina ya watu yalivyogeuzwa kuwa hukumu ya kifo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ile nyumba ya Vitimbi inanigusa zaidi sasa kuliko nilipokuwa mtoto. Wanjau alijifunza lafudhi ya jirani yake kwa bidii ya mtu anayempenda jirani huyo. Alicheka naye. Hakumdhihaki. Ukitaka kupima tofauti ya mambo hayo mawili, tazama jinsi Wajaluo wenyewe walivyompokea kama wao.

Macho yalipoanza kumfifia katika miaka yake ya mwisho, Wakenya walichanga ili atibiwe. Walichanga kwa moyo, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini mtu aliyefanya kazi ya runinga kwa zaidi ya miaka 30 hakustahili kungoja mchango. Waigizaji wa kizazi chake walilipwa kwa kipindi. Kilichorekodiwa kikilipiwa kimelipiwa, kurudiwa kwake hewani hakukumwongezea mtu mkate mezani. Alifariki Jumapili ya tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, na magazeti ya kesho yake yaliandika kwa herufi kubwa kwamba Ojwang' ameaga. Ilikubidi usome chini zaidi ndipo ukutane na Wanjau.

Charles Bukeko alimezwa na jina lake la kazi vilevile. Kwa umma aliitwa Papa Shirandula, jina la kipindi kilichoanza Citizen mwaka 2007. Wazo lake lilikuwa rahisi na lenye uchungu ndani: mwanamume anatoka nyumbani kila asubuhi na suti, mkewe Wilbroda akijua mumewe ni mtu wa ofisi, kumbe akifika kazini anavua suti na kuvaa sare ya soja wa lango. Kila mtaa wa Nairobi una mwanamume wa namna hiyo. Pitia maduka ya Adams alfajiri uone wanaume wanavyoingia na mifuko mkononi, na dakika chache baadaye wanatokea wamevaa sare. Bukeko, kwa mwili wake mkubwa na sauti yake ya kubembeleza, aliwapa watu hao hadhi ya kuwa wahusika wakuu. Alikuwa ametoka jukwaani, kwenye tamthilia za Nairobi, na tangazo la Coca-Cola likaipeleka sura yake hata kwa watu ambao hawakuwahi kusikia neno moja la Shirandula. Korona ilimchukua tarehe 18 Julai 2020. Siku mbili baadaye alikuwa ameshazikwa kwao Busia, kwa masharti ya wakati ule, bila umati. Mtu aliyezoea kuzungukwa na watu alisindikizwa na wachache waliovaa barakoa.

Kuna mwingine ambaye jina alilopewa lilikuwa zito kuliko yote. Idi Amin alipong'olewa Kampala Aprili 1979, haikuchukua muda kabla mtayarishaji na mwelekezaji Sharad Patel kuanza kutengeneza filamu ya utawala wake, ikapigwa Kenya. Alihitaji mtu wa kuwa Amin. Akampata Joseph Olita, mwana wa Siaya. Filamu ilitoka mwaka 1981, wakati Amin mwenyewe bado yu hai uhamishoni Uarabuni, na ndani yake Denis Hills, Mwingereza aliyenusurika kuuawa na Amin, aliigiza nafsi yake. Hebu fikiri hali hiyo: mtu aliyehukumiwa kifo na dikteta anasimama mbele ya mwigizaji anayefanana naye kiasi cha kutisha, anarudia yale yaliyompata. Olita alibeba mzigo huo wote kwa uso wake. Mwaka 1991 Mira Nair alimwita awe Amin tena katika Mississippi Masala. Forest Whitaker alipotuzwa Oscar mwaka 2007 kwa kumwigiza Amin, dunia ilishangilia, na ilistahili kushangilia. Lakini Olita alikuwa ametembea njia hiyo robo karne mapema, bila walimu wa lafudhi wala gari la kumsubiri mlangoni. Alifariki kwao Siaya mwaka 2014, na hadi mwisho jina la Amin lilikuwa limemganda kama kupe.

Oscar ilipita karibu kabisa na Mkenya mwingine, na sijui ni wangapi katika matatu hii ya 111 wanaolifahamu hilo. Mwaka 2003 tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni ilikwenda kwa filamu ya Kijerumani ya Caroline Link, inayosimulia familia ya Kiyahudi iliyokimbia utawala wa Hitler ikaja kuishi shambani Kenya. Moyo wa filamu hiyo ni mpishi, Owuor. Aliyekuwa Owuor ni Sidede Onyulo. Mwenye nyumba, wakili asiye na mahakama wala mteja, anampa mpishi joho lake la uwakili, na Onyulo analivaa. Vazi lile, lililokosa maana Ujerumani, linapata mwenyewe kwenye vumbi la shamba, na kamera haihitaji maneno. Binti wa familia ile anajifunza Kiswahili kwa Owuor kabla ya kuwaelewa wazazi wake vizuri. Kiswahili kilifika jukwaa la Hollywood kupitia kinywa cha Onyulo. Mwaka 2008 alifariki.

Wasomaji wa habari ndio waliobahatika kidogo, kwa kuwa kazi yao yenyewe huanza kwa kutaja jina. Catherine Kasavuli, aliyeanza Sauti ya Kenya kisha akawa sura ya KTN tangu ilipofunguliwa mwaka 1990, alipofariki Desemba 2022 hakuna aliyelazimika kuuliza alikuwa nani. Badi Muhsin alituachia Kiswahili cha taarifa kilichotulia, kisicho na haraka. Na Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, jina lake lilifahamika hadi lilipomponza: waasi wa jeshi la anga walipotwaa kituo cha utangazaji tarehe 1 Agosti 1982, walimfuata yeye nyumbani, kwa sababu walijua sauti ambayo Wakenya wangeiamini ni ipi. Aliyasoma waliyomwamuru asome, na serikali ilipokirudisha kituo mikononi mwake siku hiyohiyo, sauti ileile ikatangaza kwamba mapinduzi yameshindwa.

Walio nyuma ya kamera hawana lafudhi ya kuigwa na watoto shuleni. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha kampuni yake ya Camerapix kabla ya kuihamishia hapa. Alikuwa Zanzibar wakati wa mapinduzi. Alifika na kamera Tom Mboya alipopigwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Oktoba 1984 alikwenda Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC, akawapiga picha watu waliokuwa wakifa kwa njaa katika baridi ya alfajiri. Picha zake hazikimbii. Kamera inasogea taratibu juu ya uwanda uliojaa watu, inasimama kwa mama mmoja, inangoja, kana kwamba mpigapicha anaona aibu kumpita bila salamu. Taarifa ile ilirushwa tarehe 23 Oktoba, na kabla ya mwaka kwisha wanamuziki wa Uingereza walikuwa wameshaimba kuwachangia wenye njaa. Julai 1985 likaja tamasha la mchango la Live Aid, London na Philadelphia. Dunia inamkumbuka mwandalizi wake, Bob Geldof. Macho yaliyoona kwanza yalikuwa ya mtoto wa Nairobi.

Juni 1991 alirudi Ethiopia, serikali ya Mengistu imeanguka. Ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Aliyekuwa naye, fundi wake wa sauti John Mathai, alipoteza maisha. Fundi wa sauti ni mtu anayekwenda kila anakokwenda mpigapicha, hatua moja nyuma, vifaa begani na vipokea sauti masikioni, na akifanya kazi vizuri hakuna mtazamaji atakayejua kwamba alikuwepo. Mkimbizi akikohoa kwenye taarifa ukamsikia, kuna mtu aliyekuwa ameinama karibu naye. Mathai alikuwa mtu huyo.

Anthony Macharia naye alikuwa wa sauti, wa Reuters. Tarehe 12 Julai 1993, miaka 22 kamili kabla ya kifo cha Wanjau, helikopta za Marekani zilishambulia nyumba moja Mogadishu, na wanahabari walipofika kurekodi matokeo yake, umati wenye hasira ukawageukia. Waliuawa wanne: Macharia, mpigapicha Hos Maina, Dan Eldon aliyekulia Nairobi, na Mjerumani Hansi Krauss. Maina na Macharia walikuwa vijana wa hapahapa, waliokwenda kutuletea habari za jirani.

Amin alijifunza kushika kamera upya kwa mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi nyumbani Nairobi, akiwa na Brian Tetley, mwandishi aliyefanya naye vitabu vingi. Vijana watatu waliiteka ndege, wakamwamuru rubani awapeleke Australia, na hawakutaka kusikia kwamba mafuta hayatoshi. Mafuta yakaisha juu ya Bahari ya Hindi. Ndege ilianguka majini karibu na ufuo wa Ngazija, Komoro, ikiwa na watu 175, na 125 kati yao wakafa.

Kuna mkanda wa tukio hilo. Mtalii aliyekuwa ufuoni aliona ndege ikija chini mno, akainua kamera yake ndogo. Ni sekunde chache tu: bahari imetulia, bawa la kushoto linagusa maji, ndege inapasuka. Ndani yake, kama walivyosimulia baadaye abiria walionusurika, Mohamed Amin alikuwa ameondoka kwenye kiti chake. Alikuwa wima, anazungumza na watekaji.