Jarida la Nakala Moja

Methali yasema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ikiwa ndivyo, mzazi aliyetengwa na wazazi wenziwe hana wa kumweleza uchungu huo.

Mwaka 1935 mama mmoja aliyekaa Ireland alilipelekea barua jarida la malezi la Uingereza, Nursery World. Alikuwa na watoto wadogo, hakuwa na jirani wa karibu, wala hakuwa na uwezo wa kununua redio. Kazi za nyumba ziliishughulisha mikono yake, lakini akili yake ilikaa na njaa. Aliwaomba akina mama wenziwe wamwonyeshe njia ya kuuondoa upweke. Alijiita Ubique, neno la Kilatini lenye maana ya "kila mahali".

Waliomjibu walikuwa katika hali kama yake. Zama zile, Uingereza, mwanamke mwalimu au mtumishi wa serikali aghalabu alilazimika kuacha kazi alipoolewa. Kizuizi hicho kiliondolewa kwa walimu mwaka 1944, na kwa watumishi wa serikali mwaka 1946. Kabla ya hapo elimu ya wengi ilifungiwa jikoni pamoja nao.

Basi wakaanzisha jarida lao la siri, Cooperative Correspondence Club. Sharti la kuingia lilikuwa kuwa mama. Kila mmoja aliandika kwa jina la kubuni; mhariri alizikusanya makala akazifunga katika jalada la kitambaa kilichotariziwa. Nakala ilikuwa moja tu. Ilisafiri kwa posta nyumba hata nyumba, na kila msomaji aliandika maoni yake pambizoni kabla ya kumpelekea mwenziwe.

Walimu wa malezi hawakukosekana. Daktari Truby King wa New Zealand, aliyefuatwa na wengi Uingereza, alifundisha kuwa mtoto anyonyeshwe kwa saa maalumu, wala asibembelezwe mno. Amri ya namna hiyo haikujua kuulizwa swali. Katika jarida, mama aliyeeleza shida yake aliweza kujibiwa na waliokwisha kuipata.

Jarida lilidumu mpaka mwaka 1990, na waandishi wake wakazeeka pamoja. Matoleo yaliyosalia yamehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Sussex. Mwanahistoria atafutaye habari za malezi katika vitabu vya madaktari peke yake atayaona waliyoamriwa akina mama; waliyoyajua wao wenyewe yameandikwa pambizoni.