Nguruwe weusi wa Haiti na mchele wa Marekani

Polisi 400 wa kwanza kutoka Kenya walipotua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Juni 25, 2024 kukabiliana na magenge, ubishi hapa nyumbani ulihusu Katiba. Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua Januari mwaka huo kwamba kuwapeleka ni kinyume cha sheria, nayo Serikali ikashikilia kwamba Kenya ina wajibu wa kusimama na watu wenye asili ya Afrika popote walipo. Magenge ya Haiti yakazungumzwa kana kwamba yameota yenyewe ardhini. Ni haki kueleza jinsi mkulima wa Haiti alivyopokonywa mfugo, soko na kura yake kwa maamuzi yaliyopitishwa mbali na kisiwa chake.

Mwanzo unafahamika. Watumwa waliasi mwaka 1791, wakaishinda Ufaransa na kutangaza uhuru Januari 1, 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ilituma manowari kudai fidia ya faranga milioni 150 kwa mali iliyopoteza, wakiwemo watu hao hao waliojikomboa. Marekani haikuitambua Haiti hadi 1862, kisha ikaikalia kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934. Ukoo wa Duvalier ulitawala kimabavu kati ya 1957 na 1986, na Washington iliuvumilia kwa kuwa ulipinga ukomunisti.

Rais wa zamani Jean-Bertrand Aristide, katika kitabu alichochapisha mwaka 2000, anatilia mkazo jambo ambalo wanasiasa hulipita haraka: nguruwe.

Nguruwe wa kienyeji wa Haiti alikuwa mdogo, mweusi na mvumilivu. Alikula maganda, matunda yaliyodondoka na mabaki ya jikoni, na aliweza kukaa siku kadhaa bila kulishwa. Kwa familia isiyojua mlango wa benki, huyo ndiye alikuwa kibubu. Shule zikifunguliwa Oktoba, anauzwa, mtoto analipiwa ada. Kukitokea ugonjwa, harusi au msiba, anauzwa au kuchinjwa. Na ni nguruwe mweusi anayesimuliwa kuchinjwa Bois Caïman, Agosti 1791, watumwa walipokula kiapo cha kuasi.

Mwaka 1978 homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, ilizuka Jamhuri ya Dominika. Mwaka uliofuata ilikuwa imevuka mpaka na kuingia Haiti. Marekani ilihofia mifugo yake. Kwa fedha za Marekani, Canada na Mexico, Serikali ya Jean-Claude Duvalier ikaendesha mpango wa kuua nguruwe wote, wagonjwa na wazima. Kufikia 1983 kazi ilikuwa imekwisha. Wakulima wengi walilalamika kwamba fidia iliwafikia kidogo au haikuwafikia kabisa.

Baadaye waliletwa nguruwe wapya kutoka Iowa. Hao walitaka maji safi, ambayo wafugaji wenyewe hawakuwa nayo. Walitaka banda lenye paa na chakula kutoka ng'ambo. Aristide anaandika kwamba chakula cha nguruwe mmoja kiligharimu dola 90 kwa mwaka, wakati kipato cha Mhaiti kilikuwa kama dola 130. Wanavijiji wakawabatiza jina: wana wa mfalme wenye miguu minne. Hasara ya wakulima anaikadiria kuwa dola milioni 600. Hata ukiipunguza hesabu hiyo kwa nusu, bado ni akiba ya vizazi iliyofutwa kwa miaka michache, na waliofutiwa hawakuulizwa.

Kura nayo ikafuata. Aristide alichaguliwa Desemba 1990 kwa takriban theluthi mbili ya kura, akapinduliwa na jeshi Septemba 1991. Rais wa Marekani, Bill Clinton, alimrudisha Oktoba 1994 kwa nguvu ya wanajeshi wapatao 20,000, lakini kwa masharti ya kiuchumi. Mwaka 1995 Serikali ya Aristide huyo huyo ikashusha ushuru wa mchele hadi asilimia 3. Mchele wa Marekani, ambao mkulima wake hupewa ruzuku, ukafurika sokoni, na wakulima wa mpunga wa bonde la Artibonite wakashindwa kushindana nao.

Machi 10, 2010, Clinton alikiri mbele ya kamati ya Seneti kwamba sera hiyo huenda iliwafaa baadhi ya wakulima wa jimbo lake la Arkansas, lakini lilikuwa kosa, na kwamba ataishi na matokeo yake. Ukweli huo ni wa kuheshimiwa. Ila ulikuja miaka 15 baadaye, wakati mchele mwingi unaoliwa Haiti ulikuwa tayari unatoka nje.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi: kipindupindu kilicholetwa na walinda amani wa Umoja wa Mataifa mwaka 2010, kuuawa kwa Rais Jovenel Moïse Julai 2021, kisha magenge kuteka sehemu kubwa ya mji mkuu. Mwaka 2025 Wahaiti milioni 5.7, zaidi ya nusu ya taifa, walikadiriwa kukabiliwa na njaa kali.

Artibonite, lililokuwa ghala la mpunga, sasa genge la Gran Grif linaua wanavijiji humo. Ni huko, Februari 23, 2025, alikouawa polisi wa kwanza wa Kenya kati ya waliopelekwa Haiti. Mfadhili mkuu wa kikosi chao alikuwa Marekani.