Meza ya Mchezo: Historia Fupi ya Kermesi na Wajibu wa Anayejitolea



Mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, na kiangazi kinapoanza kuinua vumbi jekundu la Lubumbashi, shule nyingi za parokia zetu hufanya kermesi. Meza hutolewa darasani na kupangwa uani chini ya miembe. Wakuu wa shule huja kwenye vikundi vyetu kuomba vijana watakaosimamia michezo: kuangusha makopo kwa mpira wa matambara, kuvua zawadi kwa ndoano, kurusha pete shingoni mwa chupa, kuuza tikiti za tombola. Baadhi yenu hukubali mara moja. Wengine huiona kuwa kazi ya kitoto, na wangependelea kuimba katika kwaya au kulinda lango. Tumeona vema kuwaeleza jambo hili limetoka wapi, kwa maana anayesimama nyuma ya meza ya mchezo amekabidhiwa mamlaka, na historia inaonyesha jinsi mamlaka hayo yalivyotumika kwa wema na kwa ubaya.

Tuanze na jina lenyewe. Neno kermesi lilitufikia kwa Kifaransa cha Wabelgiji, lakini mzizi wake ni lugha ya Waflemi: kerk ni kanisa, na mis ni misa. Huko Flandria kila parokia iliadhimisha kila mwaka siku ya kutabarukiwa kwa kanisa lake. Watu walianza kwa Misa. Baada ya Misa uwanja ulijaa wauzaji, wapiga ngoma na michezo. Tusiipambe sikukuu hiyo kupita kiasi. Ulevi na ugomvi havikukosekana, na mara nyingi viongozi wa Kanisa na wa serikali walijaribu kuidhibiti. Lakini ilikuwa sikukuu ya parokia nzima. Aliyekuwa mtoto wa kanisa hilo alikuwa na mahali pake uwanjani, awe tajiri au mchunga nguruwe.

Maandiko Matakatifu nayo hayaoni haya mbele ya michezo ya watoto. Nabii Zakaria, katika sura ya nane, anapoueleza Yerusalemu uliorudishiwa amani, hataji kwanza majeshi wala hazina. Anawataja wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Kwake yeye, mji ambao watoto hawachezi njiani bado haujapona.

Kutoka Flandria twende Italia ya Kaskazini, kwa mtakatifu ambaye wanawe wa kiroho wamewalea vijana wengi wa mji wetu. Yohane Bosco alizaliwa mwaka 1815 katika kitongoji cha Becchi, mtoto wa wakulima maskini. Akiwa bado mdogo aliwachunguza wafanya mazingaombwe waliokuja kwenye magulio, akajifunza hila zao na kutembea juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Siku za Jumapili aliwakusanya majirani na kuwaonyesha michezo hiyo. Waliotaka kutazama walikuwa na kiingilio cha kulipa, nacho hakikuwa fedha. Walisali rozari pamoja naye, wakasikiliza mahubiri ya asubuhi aliyoyarudia kwa kichwa. Hata aliyekosa senti moja aliweza kuingia.

Baadaye, akiwa padre mjini Turin, Don Bosco alihitaji fedha za kumalizia kanisa la vijana wake. Alifanya tombola kubwa. Aliwaandikia watu wenye uwezo, wakatoa zawadi zaidi ya 3,000, kisha wakaombwa wanunue tikiti. Kanisa hilo, lililopewa jina la Mtakatifu Fransisko wa Sales, lilibarikiwa tarehe 20 Juni 1852. Sehemu ya mapato aliwagawia wagonjwa wa nyumba ya Cottolengo, ambayo ilikuwa imeharibiwa mwaka huohuo na mlipuko wa ghala la baruti lililokuwa karibu. Tazameni utaratibu wake: fedha zilitoka kwa walio nazo, na furaha ikawaendea wasio nazo. Hakuwauzia vijana wa mitaani tikiti ili awajengee kanisa lao.

Sasa turudi nyumbani. Mji wetu, uliokuwa ukiitwa Elisabethville, ulianzishwa mwaka 1910. Mwaka huohuo walifika Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Brugge, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Mwaka 1911 walifuata Wasalesiani wa Don Bosco, wakiongozwa na padre Joseph Sak. Walifungua shule ya watoto wa Wazungu, ile iliyopata jina la Mtakatifu Fransisko wa Sales na ambayo leo tunaiita Imara. Walifungua pia shule ya ufundi kwa vijana wa Kiafrika, ambayo baadaye ilihamia Kafubu. Katika maneno hayo machache mmekwisha kuuona ufa. Shule zilikuwa mbili kwa sababu mji wenyewe ulikuwa miwili. Kati ya mji wa Wazungu na makao ya Waafrika, ambayo leo ni Kamalondo, uliachwa ukanda wa ardhi tupu, na Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea usiku katika mji wa Wazungu apendavyo. Sherehe za shule nazo zilifuata mpaka huo. Jina lilikuwa lile la sikukuu ya parokia nzima, lakini uwanja ulikuwa na uzio, na aliyekuwa nje alisikia muziki tu.

Hata hivyo, ng'ambo ya ule ukanda nako mbegu ilipandwa. Mwaka 1939 Wabenedikto wa Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi waliwaundia wanafunzi wao timu ya mpira, wakaiita Mtakatifu Georges, kwa heshima ya msimamizi wa maskauti. Mnaijua timu hiyo, kwa maana ndiyo TP Mazembe, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara 5. Lakini katika mwanzo huo wa unyonge hapakuwa na kombe. Palihitajika mtu wa kupiga mistari uwanjani, mtu wa kutunza mpira, na mtu wa kupuliza filimbi bila kumpendelea ndugu yake. Mchezo uliosimamiwa kwa haki hauishi jua linapozama.

Baada ya uhuru ulikuja wakati mwingine mgumu. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku vyama vya vijana vya Kanisa, ili vijana wote wawe chini ya chama kimoja cha taifa. Mwisho wa Desemba 1974 shule za Kanisa zilitaifishwa, na somo la dini likatolewa katika ratiba. Serikali haikuweza kuubeba mzigo iliojitwika, na tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano ya kurudisha uongozi wa shule hizo kwa makanisa. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 tuliingia darasa la kwanza wakati masista na mafrera walipokuwa wakirudi kuhesabu madawati yaliyosalia.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ikawa si kitu. Noti zilipoteza thamani kabla hazijatoka mfukoni. Ili shule zisifungwe, wazazi walikubali kuchangia malipo ya walimu, na mzigo huo wakaubeba kwa miaka mingi, hadi elimu ya msingi katika shule za umma ilipotangazwa kuwa bure kuanzia Septemba 2019. Katika miaka hiyo ya dhiki kermesi ilibadilika kimyakimya. Zamani ilikuwa sikukuu iliyoacha fedha kidogo. Sasa ikawa njia ya kutafuta fedha, na sikukuu ikawa kivuli chake. Paa lilihitaji mabati na choo kilihitaji kuchimbwa upya. Hatuwalaumu waliofanya hivyo, kwa maana sisi wenyewe tulikuwamo. Hapo ndipo tunapaswa kuungama jambo.

Tulikuwa walimu vijana, tumetoka chuoni karibuni, na tulijitolea kusimamia meza ya makopo katika kermesi ya shule moja ya mji. Makopo sita yalipangwa kwa ngazi, matatu chini, mawili katikati, moja juu. Aliyeyaangusha yote kwa kurusha mara tatu alipata daftari na kalamu. Kabla ya lango kufunguliwa, mkubwa mmoja alitushauri tutie mawe katika makopo ya chini, ili madaftari yasiishe mapema. Alisema ni kwa faida ya shule. Tulitia mawe.

Mchana alikuja mvulana wa darasa la nne, ambaye tulikuwa tukimtayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Alitoa noti yake iliyokunjwa mara nyingi. Mpira wa kwanza ulipiga katikati, na makopo matatu ya juu yakaanguka. Wa pili ukapiga chini barabara, hakuna kilichotikisika. Wa tatu vilevile. Alizunguka meza polepole, akainua kopo moja, akalitazama ndani. Hakupiga kelele. Alilirudisha mahali pake sawasawa kama alivyolikuta, akasema, “Asante, Mwalimu,” akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata somo letu la katekisimu lilikuwa amri ya saba. Alikaa mstari wa mbele kama kawaida yake. Tulipouliza kuiba ni nini, watoto wote waliinua mikono isipokuwa yeye. Hatukuthubutu kumwita kando baada ya somo, wala hatukumrudishia fedha yake. Jioni ile ya kermesi sanduku letu lilikuwa limejaa kuliko yote, tukasifiwa mbele ya wazazi. Fedha hizo zilinunua mabati, na mabati hayo bado yanazuia mvua. Lakini ni afadhali darasa lile lingevuja mwaka mmoja zaidi.

Tangu hapo tumeelewa kwamba uzio wa kermesi si lazima uwe wa waya. Mawe ndani ya kopo ni uzio. Tikiti inayomshinda mtoto wa mjane ni uzio pia. Anabaki amesimama kando ya meza saa nzima, mikono mgongoni, akijifanya hapendi kucheza. Anayeweza kuuondoa uzio huo mapema kuliko wote ni kijana aliyejitolea, kwa kuwa ndiye aliye karibu na mtoto kuliko padre na mkuu wa shule.

Kwa hiyo, mtakapoitwa mwaka huu, tunawasihi yafuatayo. Ujaribuni mchezo wenu ninyi wenyewe kabla ya kufungua, usioshindika uondoeni. Zawadi zote zikae mezani zionekane, na mshindi apewe palepale. Fedha zihesabiwe na watu wawili na kuandikwa katika daftari, kwa maana shuku huharibu urafiki hata pale ambapo hakuna mwizi. Waombeni walimu wagawe tikiti mbili au tatu za bure kwa kila mwanafunzi bila kubagua, ili pasiwe na mtoto anayenyoshewa kidole kwamba yeye ndiye maskini. Gharama zake waombeni wafanyabiashara wa mtaa na wanafunzi wa zamani, kama alivyofanya Don Bosco. Wekeni pia mahali pa kisolo na uwanja wa nzango, michezo yetu isiyodai ila mbegu, shimo na miguu, na hapo pasiulizwe tikiti kabisa.

Huenda mkuu wa shule akasema fedha zitapungua. Huenda ni kweli. Semeni naye kwa heshima, mkimwonyesha hesabu na mpango wa kuziba pengo, kwa sababu shida zake si za kubuni. Lakini akiwaambia mtie mawe, kataeni. Sisi hatukukataa, na yule mvulana, ambaye sasa ni mtu mzima mahali fulani, bado tunadaiwa naye tikiti moja.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika kermesi iliyopita ya shule yetu, ni watoto gani waliobaki kando bila kucheza, na sababu ilikuwa nini?

2. Je, tumewahi kuambiwa tufanye jambo lisilo la haki kwa faida ya shule au ya parokia? Tulijibu nini?

3. Tukisimamia meza moja mwaka huu, nani mtaani kwetu anaweza kuombwa kulipia tikiti za bure?