Wageni wa Siku Kumi na Mama wa Toi

Leo ujumbe ni mrefu kidogo. Jimwagie chai, uketi, tusome pamoja. Una historia ndani yake, na una toba yangu pia.

Mliokuwa ibadani Jumapili iliyopita mliwaona wageni wetu kutoka Marekani, timu ya huduma iliyokuja kwa siku kumi. Tuliimba nao, wakahubiri vizuri, tukawaombea wagonjwa pamoja. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kuna jambo nililofanya mimi mchungaji wenu ambalo limeninyima usingizi. Niliwaondoa akina mama kwenye viti vya mbele ili wageni wakae. Halafu saa zilipokwenda, nikafuta kipindi cha ushuhuda. Mama mmoja anayeuza mitumba Soko la Toi alikuwa amejiandaa kusimama aseme kwamba amemaliza kulipa deni la kibanda chake kilichoungua. Nikamnong'oneza, "Mama, wiki ijayo." Akajibu, "Sawa, Pasta," akarudi kuketi nyuma, karibu na mlango.

Jioni kijana mmoja wa kwaya akaniuliza, "Pasta, kwani injili hushuka na ndege peke yake?"

Sikuwa na jibu la haraka. Usiku ule nikarudia historia ya kanisa niliyofundishwa chuoni. Nataka uione nawe.

Ni kweli, wengi walitoka mbali, na tuwaheshimu. Johann Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Huyo hakuja kutalii. Otto na Marian Keller walijenga kazi ya Kipentekoste Nyang'ori, kule magharibi, tangu miaka ya 1920. Baadhi yenu babu zenu waliokoka kupitia matunda ya kazi ile.

Safari fupi nazo zina nafasi yake. Mwaka 1957 mhubiri T. L. Osborn alikuja kutoka Marekani akafanya mkutano mkubwa Mombasa, kisha akaenda zake. Katika mkutano ule aliokoka kijana Mkenya aitwaye Joe Kayo. Mgeni aliondoka, kijana alibaki. Baadaye Kayo akawa mwanzilishi wa Deliverance Church, iliyoanza Nairobi mwaka 1970, kanisa lililoanzishwa na Waafrika wenyewe. Mkutano ulikwisha. Matunda yake yalitunzwa na wenyeji kwa miaka mingi.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka 1937 timu ya wahubiri ilikuja Kabete, si mbali na Kawangware yetu. Haikutoka Ulaya. Ilitoka Rwanda na Uganda. Uamsho ule ulikuwa umewashika watu kama Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929 na kulisoma Neno pamoja, Mwafrika na Mzungu, wakati wa ukoloni. Desturi ya ndugu wa uamsho ilikuwa kuanza kwa kutubu dhambi zao wenyewe mbele ya watu, mweusi na mweupe. Hadi leo Mkenya asiyejua Kiganda hata kidogo anaweza kuimba Tukutendereza bila kitabu. Jiulize, wimbo huo ulifikaje kwa bibi yako? Uliletwa na jirani.

Na ulipokuja wakati mgumu wa Mau Mau miaka ya 1950, ndugu wengi wa uamsho walikataa kiapo, na wengine wakakataa pia kubeba bunduki ya serikali. Baadhi yao waliuawa. Kijana wangu, hiyo ndiyo injili iliyopandwa ikabaki. Haikuhitaji mgeni kuilinda.

Turudi Toi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliteketeza soko lile. Machi 2019 likaungua tena. Oktoba 2024 moto ukarudi, na mara hii watu walipoteza maisha. Kila mara, wafanyabiashara wale wale walirudi kwenye majivu na mbao, mabati na misumari, wakaanza upya. Mama wetu ni mmoja wao. Alikuwa na ushuhuda wa kujenga imani ya kanisa zima, nami nikaufuta kwa sababu ya saa.

Soma Matendo 16:12-15. Paulo alifika Filipi kama mgeni wa siku kadhaa tu. Aliyeupokea ujumbe alikuwa Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa nguo za zambarau. Umeona? Muuza nguo! Alifungua nyumba yake, na ukifika mstari wa 40 utakuta ndugu wamekusanyika humo. Paulo akaondoka, kanisa likabaki nyumbani kwa Lidia. Kisha soma Wafilipi 4:15-16. Kanisa lile lililoanza na mgeni ndilo lililomtumia mgeni mahitaji yake. Mkono uliopokea ukawa mkono wa kutoa.

Jumatatu niliwapeleka wageni Toi. Mama yule aliwakaribisha kibandani kwake kwa chai. Mnajua pale sokoni "kamera" ni ile nguo bora kuliko zote, inayochaguliwa kwanza mzigo ukifunguliwa. Alitoa sweta moja la kamera, akampa mzee mmoja wa wageni aliyekuwa akitetemeka kwa baridi yetu ya Julai. Mzee akatoa pesa. Mama akakataa: "Mwambie hii ni zawadi. Sisi pia tunatoa." Nilipomtafsiria, yule mzee alilia. Pengine sweta lile lilitoka kwao. Sasa linarudi na baraka za Toi.

Mpendwa, nisamehe. Yakobo 2:1-4 inanihukumu mimi kwanza. Jumapili hii mama atashuhudia kabla ya tangazo lolote, na viti vya mbele ni vya atakayewahi. Wageni wakija tena tutawapokea kwa furaha, waketi katikati yetu, wasikie kwanza Mungu amefanya nini hapa kabla hawajafika.

Nawe unayesoma, usingoje mtu wa kushuka na ndege. Jirani yako wa ploti, mteja wako wa kibanda, dereva wa matatu unayempungia kila asubuhi: hao umetumwa kwao wewe.

Baba, tusamehe tulipowasahau watu wako walio karibu. Tufanye watu wa kupokea na wa kutoa. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama unapokea, andika Amina, kisha umtaje moyoni jirani mmoja utakayemwendea wiki hii.