Pete ya Nyanya

Tangu KTDA ianzishwe 1964, historia ya chai yetu huku Kisii na Nyamira tunaihesabu kwa kilo na bonasi. Nyanya yangu alizaa watoto tisa na kubeba majani mlimani karibu maisha yake yote. Kizazi kikashuka. Akanyamaza miaka mingi, akidhani tiba ni kisu tu.

Kumbe njia zingine ni za zamani sana. Wagiriki wa enzi za Hippocrates walishikilia kizazi kwa nusu ya komamanga. Ndiyo, tunda! Baadaye zikaja pete za nta, mbao na mpira. Leo ni silikoni. Mwaka 1948, daktari Mmarekani Arnold Kegel akaandika kuhusu mazoezi: kaza misuli kama unayezuia mkojo, shikilia sekunde chache, achilia, rudia kila siku kwa miezi.

Nyanya alipimwa, akawekewa pete. Hurudi kliniki ikaguliwe na kuoshwa. Haijamponya, lakini sasa anakaa kanisani mpaka ibada iishe. Chai tunabeba sisi wajukuu wa kiume.

Ukienda ushago, muulize wako. Polepole, mkiwa wawili tu.