Mikoko si ukoo mmoja

Ukishuka na Mto Rufiji kutoka Ngorongo hadi delta, upande wa Kibiti, "mikoko" huwa na maana mbili. Kwa mgeni ni msitu mzima wa maji chumvi. Kwa mkata boriti, mkoko ni mti mmoja tu, *Rhizophora mucronata*, ule wenye mizizi iliyojipinda juu ya tope. Mkandaa, msinzi na mchu ni mingine kabisa.

Wanabotania wako upande wa mkata boriti. Mkoko, msinzi na mkandaa kweli ni ndugu, familia ya Rhizophoraceae. Lakini mkomafi ni wa ukoo wa mwarobaini. Msikundazi uko pamoja na mbuyu na bamia! Mlilana umewekwa na mhina na mkomamanga. Mchu ndio uliohamishwa sana: ulikuwa na familia yake, Avicenniaceae, hadi uchunguzi wa vinasaba ulipouingiza Acanthaceae, kwenye vichaka vya nchi kavu.

Kwa hiyo "mikoko" ni jina la makazi, kama tusemavyo "watu wa pwani". Mwandishi wa habari anayeripoti ukataji wa "mikoko" angetusaidia zaidi akitaja ni mti gani uliokatwa.